Chileshe Hakungoja Ijumaa

Kila mwaka, Februari inapokaribia kwisha, maduka ya vitenge katikati ya Lubumbashi hugeuka uwanja wa vita. Wanawake wanataka kitenge cha sikukuu yao ya tarehe nane Machi, na hakuna aliye tayari kurudi nyumbani mikono mitupu. Siku hiyo mvua ilikuwa imewasukuma wote ndani, na duka zima lilinuka nguo mpya, miavuli iliyolowa na manukato ya kila bei.

Chileshe Katongo alisimama mbele ya meza ya kukatia. Alivaa gauni la bluu lililomkaa vizuri kiunoni, na skafu ya njano aliyoiacha ianguke kifuani upande wa kushoto, kama desturi yake.

"Papa," alimwambia muuzaji, "ile ya mwisho kule juu, ya maua mekundu. Njo yangu ile. Nilisha kuiomba tangu asubuhi."

Nyuma yake mwanaume mmoja aligeuka ghafla. Alikuwa mtu mnene, mrefu wa kimo, shati jeupe, viatu vinang'aa licha ya matope ya nje.

"Mama, pardon. Hii sauti naijua."

"Sauti ya muntu haiko klaksoni ya gari, papa. Utaijua namna gani?"

"Kila asubuhi uko mu camion yangu! Unaniambia saa, unaniambia mashimo iko wapi ku barabara ya Likasi. We njo Mama Chileshe wa redio!"

Duka likacheka. Chileshe akaona haya, akajificha nyuma ya mwavuli wake. Kumbe na yule mwanaume alikuwa amekuja kutafuta kitenge kilekile, kwa ajili ya wanawake wanaofanya kazi kwenye depo yake. Muuzaji akabaki anawaangalia, kitambaa mkononi.

"Mupe yeye," mwanaume akasema. "Nikimunyima, kesho atanisema ku antenne, muji muzima utanichukia."

Jina lake lilikuwa Paluku. Alitoka Butembo, huko Kivu ya Kaskazini, akiwa kijana, na sasa aliuza maharagwe na mafuta kwa jumla, malori yake yakienda Kasumbalesa, Likasi na Kolwezi. Mara nyingi aliendesha moja mwenyewe, maana kukaa depo kulimchosha. Mvua ilikataa kuisha, nao wakakataa kuondoka. Ilipopungua, Paluku alikuwa na namba ya simu ya Chileshe.

Simu hazikuchelewa.

"Allô, mama wa redio?"

"Njo miye. Nani anasumbua?"

"Ni ule mwanaume alipoteza kitenge."

"Ulipoteza kitenge, lakini ulipata numéro. Unalalamika nini?"

Chileshe alipenda jinsi Paluku alivyocheka, taratibu, kama gari kubwa linalowashwa. Naye Paluku alipenda kusikia sauti ya asubuhi ikisema jina lake peke yake, bila mji mzima kusikiliza.

Baada ya Pasaka wakaenda kula michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, mtaani Kamalondo, kwenye meza ya nje, moshi wa nyama ukiwapita usoni. Chileshe alikuwa ameshonesha kile kitenge cha maua mekundu, mikono mifupi yenye marinda. Alipendeza, na alijua. Ndiyo maana aliamua kusema mapema, kabla moyo haujaenda mbali zaidi.

"Paluku, mbele uendelee kuniangalia vile, kuko kintu unapashwa kujua." Akaweka kidole juu ya skafu yake. "Hapa titi haiko. Miaka kumi na moja imepita, nilikuwa na cancer. Ilikutwa ilisha kufika mbali, mu mufupa wa mugongo. Ku Lusaka banganga ba hospitali balinikata, bakanipa dawa ya kungoa nywele yote, bakanichoma na miale. Munganga mumoja aliambia mudogo yangu Mado, 'Umupeleke nyumbani, akae na bantu bake.'"

"Na sasa?"

"Sasa nilikaa na bantu bangu. Niko nakaa nabo mpaka leo." Akatabasamu. "Nakunywa kidonge kila siku. Kila mwaka banapima. Habasemake 'umepona'. Banasema, 'Hatuone kintu. Rudia mwaka yenye kuya.'"

Paluku aliitazama ile skafu. Kisha akatikisa kichwa.

"Basi miaka yote ile nilikuwa nasikiliza mwanamuke alikataa kufa, na miye nilizani ni habari ya mvua tu."

Chileshe akacheka mpaka machozi yakamtoka, na watu wa meza ya jirani wakageuka. Paluku akasukuma kipande kinono cha nyama upande wake wa sahani. Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza rasmi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Chileshe hakumwambia, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hajalitambua. Aliishi mwaka mmoja mmoja. Kila Oktoba alipimwa, na mambo yote yaliyovuka Oktoba aliyaona kama mali ya mtu mwingine. Nyumba yake ilihitaji rangi, aliiacha. Watu wakisema "mwaka ujao", alibadili mazungumzo. Paluku alipoanza kugusia ndoa, alijibu kwa sauti tamu, "Tungoje Oktoba, mon cœur."

Naye Paluku alikuwa na lake. Mke wake Céline alifariki miaka mingi iliyopita, kwa homa ya siku chache, wakati yeye yuko njiani na mzigo. Alipata habari kwa simu, lori limeharibika porini. Tangu wakati huo, kila mtu aliyempenda alimwona kama yai juu ya meza inayoyumba.

Baridi ya Juni ilipoingia, simu zikabadilika.

"Chérie, umekunywa kidonge?"

"Nimekunywa."

"Usibebe ile ndoo. Umevaa ya baridi?"

"Paluku, unanipenda ao unanichunga?"

"Yote mbili."

Alicheka, lakini safari hii kidogo. Akavumilia, maana alijua nia ni njema.

Asubuhi moja ya Julai, Chileshe alifika redioni kabla ya mapambazuko, koti limefungwa mpaka shingoni, akakuta Princesse amekaa kwenye kiti chake. Princesse alikuwa binti aliyemfundisha kazi mwenyewe. Alikuwa ameinamisha macho.

"Mama Chileshe, unisamehe. Directeur anakuita."

Directeur Lombe, mkuu wa redio, alimkaribisha kwa heshima kubwa mno, ile ya msibani.

"Mama, tunakupa kipindi ya siku ya posho, Jumamosi mangaribi. Mara moja kwa juma. Upumuzike. Hatukujua kama uko mugonjwa hivi. Bwana yako alikuya kutuelezea, na kweli alitugusa."

"Miye sina bwana," Chileshe alisema. "Na siko mugonjwa."

Alimpigia Paluku akiwa bado kwenye ngazi, pumzi ikitoka kama moshi.

"Ulienda kwa Lombe?"

"Chérie, sikia. Kuamuka usiku, na hii baridi yote..."

"Ulienda kwa Lombe?"

"Nilienda. Nilifanya juu ya mapendo."

"Cancer ilikamata titi, Paluku. Ikakamata nywele. Sauti iliniachia! Na we njo unakuya kuikamata?"

Akakata simu. Paluku alipiga siku hiyo, akapiga siku zilizofuata, akatuma ujumbe. Hakujibiwa. Lori lake likapita barabara ya Likasi likisikiliza sauti ya Princesse, ambaye alisoma vizuri, maskini, lakini hakujua kutania madereva.

Mado alimtembelea dada yake na bakuli la lenga-lenga, mboga ya mchicha, akamkuta amejikunja chini ya blanketi mchana kweupe.

"Yaya, mukubwa yangu, sasa njo uko mugonjwa," akamwambia. "Ile mwaka munganga alisema nikupeleke nyumbani, ulimufokea munganga mpaka muuguzi wake alikimbia. Leo Lombe anakuondoa na maneno ya huruma, unalala?"

Chileshe akala lenga-lenga yote bila kujibu. Kesho yake akavaa suti nyeusi na viatu virefu, akaenda kwa Lombe kuomba asubuhi moja tu, ya kuaga wasikilizaji. Lombe hakuweza kukataa.

Lakini hakuaga. Mbele ya maikrofoni alisimulia kila kitu: uvimbe alioupuuza kwa aibu, safari za Lusaka na kitambaa kichwani, usiku aliotamani kufa, asubuhi alipotamani chikanda ya pilipili, ule mkate wa mizizi na karanga, na kujua kwamba bado anataka kuishi. "Kama we uko na uvimbe, nenda bapime leo, usifanye kama miye," alisema. "Na kama balisha kukuambia imefika mbali, sikia sauti yangu. Sikuahidi kintu. Nasema tu: miye niko hapa."

Simu za redio zikawaka zote. Mama mmoja wa Kipushi alilia hewani. Mzee mmoja wa Katuba aliuliza kwa hasira nani mpumbavu anamwondoa Mama Chileshe asubuhi. Kabla ya saa sita mchana Lombe alikuwa ameshajirudi na kumrudishia asubuhi zake.

Paluku alisikiliza akiwa amesimamisha lori kando ya barabara, kichwa juu ya usukani. Hakupiga simu redioni, ingawa vidole vilimwasha. Alijua asubuhi ile haikuwa yake. Aligeuza gari, akaja kusimama kwenye lango la redio, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Chileshe alipotoka, alimwona. Akataka kupita. Akasimama.

"Nilisema kintu haikuwa ya kwangu," Paluku akaanza. "Nilisha kumwambia Lombe vile. Chileshe, wakati Céline alikufa, nilikuwa mbali. Kila mara simu inalia, naona ni ile tena. Hofu inanikula."

"Ile hofu ni yako. Usinivalishe."

"Sasa nifanye nayo nini?"

"Uibebe. Ya kwangu naibeba kila asubuhi, naenda nayo ku kazi." Sauti yake ikalegea. Akatoa leso, akampangusa vumbi usoni, polepole. "Angalia namna umechafuka. Na ile mashati yako nyeupe."

"Umenisamehe?"

"Nimekupangusa tu. Kusamehe itakuya pole pole."

Ilikuja, pole pole. Ilikuja kwa simu za jioni na utani, kwa Jumapili za bukari, ugali wa huko, na samaki nyumbani kwa Mado. Mara nyingi Paluku alifungua mdomo kuuliza habari ya kidonge, akaufunga, akauliza habari ya mpira. Chileshe aliona kila mara, na kila mara alimpenda zaidi.

Oktoba ikafika, mijakaranda ikamwaga maua ya zambarau barabarani. Chileshe alipimwa. Majibu yangetoka Ijumaa. Jumatano alimpigia Paluku.

"Kesho uko wapi?"

"Depo. Juu ya nini?"

"Kuya kwa baba yangu mukubwa Kapya, na bakubwa bako. Mukuye mujitambulishe."

"Kesho? Mais... majibu..."

"Inatoka Ijumaa, najua. Njo maana nasema Alhamisi. Miaka yote hii niko naomba banganga ruhusa ya kuanza. Nimechoka kungoja. Utanioa bila kujua kesho iko na nini, sawa bantu bote benye kuoana."

Alhamisi Paluku alifika na wazee wawili wa Butembo, koti la kijivu limembana tumbo, jasho likimtiririka. Mzee Kapya alimpima kwa macho toka kichwa hadi kiatu.

"Bantu ba Kivu, muko bachuuzi bakali. Utajaribu kutupunguzia?"

"Hapana, baba. Kwa huyu, siulize hata bei."

Sebule ikalipuka kwa vigelegele vya Mado. Chileshe aliitwa, akaingia akiwa amevaa kijani kibichi toka kilemba hadi viatu, na mara ya kwanza mbele ya Paluku, bila skafu. Akaulizwa kama anamjua mwanaume huyu. "Namujua," akasema. "Na makosa yake naijua nayo."

Ijumaa Paluku alikuwa na mzigo wa Kolwezi. Alitaka kuuahirisha, Chileshe akamkatalia kwa neno moja. Alasiri simu yake ililia barabarani, akaegesha lori.

"Allô, chérie."

"Uko wapi?"

"Mbele kidogo ya Kolwezi. Kuko jua. Na we, umekula?"

"Nimekula. Mado alipika maharagwe yako."

"Iliiva muzuri?"

"Iliiva."

"Bon. Ni muzuri, kama iliiva."

Chileshe alingoja. Swali halikuja.

"Paluku, hauniulize?"

"Nikuulize nini?"

"Muongo we!" Akacheka, na kicheko kikavunjika katikati. "Banasema, hatuone kintu."

Akasikia mlango wa lori ukifunguliwa, kisha mwanaume mzima akipiga kelele peke yake kando ya barabara, na gari lililopita likimjibu kwa honi. Alimwacha amalize. Aliporudi kwenye simu alikuwa anahema.

"Chileshe? Uko?"

"Niko. Sikia, nataka turudishe rangi ku nyumba mbele ya arusi. Na arusi tufanye mwezi wa tano, mvua ikiisha. Na kisha ile mwaka ingine, unipeleke Butembo, nione kwenye ulizaliwa."

"Pole pole, mama," Paluku alisema, akipangusa macho kwa mkono wa shati. "Pole pole. Nashika yote."