Mshale wa Nyumbani

Yote yalianza na jambo dogo, dogo hata mtu aone haya kulisimulia: Waya alikoroga chai kwa mkono wa kulia.

Mkewe alikuwa nyuma ya cherehani, uzi mdomoni, akamwona. Mumewe alikuwa mtu wa mashoto tangu utotoni. Hata pete ya ndoa aliivaa kwa manung'uniko, eti inamkwaza anaposhika koleo. Akamuuliza kama mkono wa kushoto unamuuma. Waya akautazama ule mkono kama mtu anayeonyeshwa bidhaa dukani, akasema hapana, uko sawa. Kisha akanywa chai yote, pamoja na majani yaliyotuama chini ya kikombe.

Watu walimwita Waya kwa sababu mifuko yake haikukosa nyaya. Alitengeneza redio na simu katika chumba cha mbele, meza yake ikitazamana na cherehani ya mkewe. Mkewe huyo yeye alimwita Sindano, na mtaa mzima ukafuata. Waya alikuwa mtu wa mzaha, hodari wa vitu vidogo, na mwoga wa mbwa kupindukia. Kwenye kona ya gereji walifungwa mbwa watatu, na kwa ajili yao Waya alizunguka njia ndefu ya kinyozi kila siku ya maisha yake, hata mvua ikinyesha.

Mwaka huo alikuwa akiunda droni. Si ya kununua ndani ya boksi. Hii aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, juu ya meza ya chakula: fremu nyeusi ya kaboni, mota nne, kila moja na panga lake la kuzunguka, kamera ndogo puani, antena, na betri nzito ya kuipeleka mbali na kuirudisha. Nyumba nzima ilinuka moshi wa lehemu. Mama mkwe, aliyeishi nao, alisema mwanawe ameoa mke wa pili, na huyu ana mapanga manne, kwa hiyo Sindano achunge ulimi wake. Sindano alicheka. Alimpenda mumewe pamoja na wazimu wake, na hakuna mwingine aliyewahi kumchekesha namna ile.

Droni ya aina hiyo hairushwi kwa kuitazama angani. Rubani huvaa miwani mikubwa inayoziba macho kabisa, na ndani yake huona kile inachokiona kamera, kama kwamba yeye ndiye anayeruka. Waya alikaa juu ya paa, kwenye kiti cha plastiki kando ya tangi la maji, vidole kwenye rimoti, na mwili wake ukabaki pale kama koti lililotundikwa. Mwenyewe alikuwa mbali. Ndiyo maana ilibidi mtu akae naye, na mtu huyo alikuwa Sindano. Asimwache peke yake. Na akitaka kumsemesha, amguse bega kwanza, maana aliye mbali hushtuka.

"Na ikipotea?" alimuuliza siku ya kwanza.

"Haipotei. Mawimbi yakikatika inageuka yenyewe. Unauona huu mshale kwenye picha? Unaelekea nyumbani, na hii namba ni umbali. Hata mimi nikizimia hapa, Sindano, yenyewe inajua kwao."

Kila iliporudi, kabla ya kutua, aliisimamisha hewani mbele ya uso wa mkewe, akaitikisa kushoto na kulia, mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Sindano aliitikia, "Karibu nyumbani," ndipo Waya alipoishusha na kuvua miwani.

Sasa, Jumapili moja alasiri aliirusha hadi kwenye machimbo ya mawe nyuma ya vilima. Watu walikwisha acha kuchimba huko, na kila mtu alikuwa na sababu yake ya kueleza kwa nini. Droni ilipokuwa bado huko, mteja akaita kutoka chini. Amefuata gauni lake. Sindano akamtazama mumewe, ametulia. Akajiambia kidogo tu hakiui mtu, akashuka. Lakini zipu ilikwama, na mteja alikuwa na maneno kama redio, na aliporudi juu jua lilikuwa limeinama na Waya amekaa vilevile, rimoti mapajani, mikono imelegea.

Kisha akageuza kichwa kidogo. Sindano aliona haya kwa kumwacha, akataka aonekane kama hakuondoka. Akamgusa bega upesi, akasema kama kawaida yao, "Karibu nyumbani."

Alikwisha kulisema neno ndipo akaangalia sakafuni. Droni haikuwapo.

"Ahsante," akasema aliyekuwa kwenye kiti, akavua miwani.

Alisema imeanguka kule machimboni, si kitu. Waya yule aliyewahi kuhamisha kabati zima kutafuta skrubu moja, alisema si kitu.

Asubuhi yake ndiyo ile ya chai. Baada ya hapo mambo yakaja kidogo kidogo. Mama mkwe alifurahi kwanza: mwanawe anaitika "ndiyo, mama," anamaliza sahani, haachi vipande vya waya sakafuni. Akamtania Sindano, amempa dawa gani. Mumewe hakunuka lehemu tena. Alinuka ubaridi wa jiwe, kama mdomo wa kisima. Hakutania. Hakumwita Sindano, alimwita "mke wangu," kwa uangalifu. Adhuhuri alipanda paani akasimama akitazama vilima bila kupepesa macho, na kooni mwake ulitoka mvumo mwembamba usiokatika hata anapovuta pumzi.

Miwani aliifunga kwa kitambaa, akaiweka juu ya kabati na kumwambia mkewe asiiguse. Betri yake ilikuwa imetolewa. Sindano aliiona mezani kwa macho yake. Kwa hiyo aliposikia chenga, zile kelele za mawimbi yaliyokatika, zikikwaruza ndani ya kitambaa mchana mmoja, mume ametoka na mama mkwe yuko kwa jirani, alisimamisha cherehani akidhani ni yenyewe. Zikaendelea. Akaiteremsha, akaivaa.

Aliona mawe. Yalipita taratibu, si kwa urefu wa ndege, bali kwa urefu wa macho ya mtu anayetembea, na juu ya picha ulikuwapo mshale, na chini yake namba, na namba ilikuwa ikipungua.

Alimwonyesha mama mkwe kesho yake. Sasa ilikuwa barabara ya vumbi. Siku iliyofuata, daraja. Mama mkwe aliivua miwani.

"Mkwe wangu, hiki ni nini?"

"Sijui, mama. Kinakuja hapa."

"Umemwambia mumeo?"

Sindano akanong'ona, "Mama, je, kama yule aliye humu ndani si yeye?"

Bibi yule akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuumiza kuliko kofi. Alisema ndivyo majini yalivyo: hupiga hodi kwa sauti ya mwenyeji. Mwanawe yuko mezani, ana damu na nyama, amemzaa yeye. Kinachotembea bila mwili ndicho jini. Sindano alilipima neno hilo, akaliona lina akili. Tena alikuwa anaogopa. Na mwenye hofu hukubali mlango wowote ufungwe. Akasema basi, aitwe mganga.

Mganga alikuja jioni kwa pikipiki, mtu mchangamfu mwenye mkoba wa nailoni. Akafukiza ubani, akamwaga chumvi madirishani, akachukua bakuli la maji akasimama kizingitini.

"Mwenye nyumba ni nani? Yeye ndiye anayefunga."

"Mimi," akasema yule mume, akainua mkono wa kulia.

Mganga akaanza kusoma. Sindano hakuweza kuvumilia kutoona. Akajibanza pembeni ya kabati, akaivaa miwani, na mara akawa mtaani mwao wenyewe, akipita mbele ya duka, akiikaribia gereji, mshale ukielekea moja kwa moja mbele kupitia kona ile, na picha ikafika pale walipo mbwa, ikasita, ikarudi nyuma kidogo, kisha ikageuka, ikauacha mshale pembeni ikashika njia ndefu, njia ya kinyozi, kwa haraka ya mtu aliyechoka anayeona aibu kwa woga wake, na Sindano akahisi moyo wake unageuka pamoja nayo, hadi likatokea geti lao la bluu, na mlango, na mganga akiwa na bakuli, na nyuma ya mganga, mlangoni, yule aliyesema ndiye mwenye nyumba, ambaye ndani ya miwani hakuwa na uso.

Picha ikasimama mbele ya kizingiti. Ikainama kushoto, ikainama kulia. Kushoto tena, kulia tena.

Sindano akafungua mdomo. Maneno yalikuwa mawili tu, na aliyajua.

Mkono ukamgusa bega, taratibu, kama anavyoguswa aliye mbali. Wa pili ukamfunika mdomo. Ulikuwa baridi, na ulinuka jiwe. Alijitupa, akapiga teke kabati, akalia ndani ya kiganja kile, na mama mkwe akaja kumshika miguu akimwambia avumilie, mwanangu, kinakutoka, kinakutoka.

Maji yakamwagwa. Ndani ya miwani mshale ukaanza kuzunguka, ukazunguka, haujui tena kwao ni wapi. Halafu zikabaki chenga.

"Kimeondoka," akasema mganga, akifunga mkoba wake.

Mama mkwe alimshukuru Mungu kwa sauti, machozi yakimtoka. Mume akamvua mkewe miwani, akamfuta uso, na nyumba ikatulia kiasi kwamba walisikia mtaa wote. Kule kona ya gereji mbwa walianza kubweka, wote watatu kwa pamoja, wakivuta minyororo kumwelekea mpita njia asiyeonekana, kwa muda mrefu. Waya hakuwahi kupita njia ile kwa hiari yake.