Masafa ya Fundi Saa

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi klabu yetu ya redio ilikutana katika chumba kilicho nyuma ya maabara. Tulipanguza meza, tukawasha mtambo, na Bingwa akawahi kiti. Jina hilo alijipa mwenyewe. Sisi hatukuona sababu ya kumpa. Alikuwa msichana wa mdomo mwingi na sikio dogo, aliyedhani kubonyeza kitufe cha kipaza sauti ndiko kujua redio.

Mwalimu wa fizikia, mwenye leseni ya klabu, alitufundisha kusikiliza masafa kwanza, kuuliza kama yanatumika, kisha kungoja jibu. Bingwa aliuliza na kuanza kuongea kwa pumzi ileile.

Jumamosi mbili mfululizo, mwalimu akiwa ofisini anasahihisha madaftari, tulimkuta mzee mmoja kwenye masafa tuliyoyapenda. Alisema maneno machache, akanyamaza, akaitikia, akanyamaza tena. Mtu wa pili hatukumsikia. Bingwa akatangaza kwamba mzee kachanganyikiwa, anaongea peke yake. Kila aliponyamaza, Bingwa aliingia kuwaita watu wa mbali. Mzee alimwomba asogee pembeni kidogo, naye akamjibu kwamba masafa hayana mwenyewe. Tukacheka. Mimi pia nilicheka, na hadi leo najidharau kwa kicheko kile.

Jumatatu mzee akaja shuleni. Alikuwa fundi saa wa mtaa wa pili, na alikuwa ameandika kwenye kijikaratasi alama ya wito ya klabu yetu, yaani jina tulilojitambulisha nalo hewani. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaufunga mtambo kwa kufuli. Alituambia kufuli lile huenda lisifunguliwe tena.

Jumamosi iliyofuata alitupeleka nyumbani kwa fundi, juu ya kilima. Waya wa antena yake ulipanda juu ya paa. Wetu umelala kwenye mabati ya darasa. Fundi akawasha redio, na sauti ya mwanamke ikaja, nyembamba lakini safi. Alikuwa binti yake, mpimaji wa hali ya hewa katika kisiwa kisicho na simu. Betri zake zilimruhusu robo saa tu kwa wiki. Antena yetu ya hovyo ilimkamata baba na kumkosa binti.

Kwenye meza palikuwa na daftari. Jumamosi ya kwanza fundi aliandika, "Narudi nyumbani tarehe," halafu pengo. Ya pili, "tarehe," na pengo jingine. Mkewe alikuwa mgonjwa chumba cha pili, akiuliza kila siku mwanawe anarudi lini.

"Tarehe kumi na tisa, Baba," sauti ikasema.

Fundi aliandika, akaenda kumsomea mkewe. Tulisikia mama akilia kwa furaha. Bingwa, bingwa wa kelele, alitazama sakafu.

Mwalimu alisema kufuli litafunguliwa, ila Bingwa angesikiliza mwezi mzima bila kugusa kitufe, na robo saa ile tungekaa mbali na masafa ya fundi. "Ni kweli hayana mwenyewe," alisema. "Ndiyo maana yanataka adabu."

Fundi aliporudi, Bingwa akamwomba radhi. "Samahani, mzee. Ulikuwa unanyamaza, nikadhani huna mtu."

"Mtu akinyamaza, mjukuu wangu, huenda anasikiliza," fundi akamjibu. "Hukulijua hilo kwa sababu wewe hujawahi kujaribu."