Shati Lililogusa Mpira Mweusi

Haya alinieleza Esta mwenyewe, Jumanne hii iliyopita, tukichambua mbaazi barazani kwangu hapa Same. Amepanga chumba changu cha nyuma, huu mwaka wa tatu, na wiki iliyotangulia alikuwa amekaa kimya mpaka nikaogopa. Sikumuuliza. Alipoanza kusema hakuacha mpaka mbaazi zikaisha, na ameniruhusu niandike.

Esta ni mwalimu wa hesabu, binti wa Mzee Fanueli wa Bombo, kule juu milimani. Siku za mapumziko ni mwamuzi wa snuka. Snuka si ile pul ya kando ya barabara. Meza yake ni ndefu kama sebule yangu, ina mipira ishirini na miwili, na mwamuzi anavaa glovu nyeupe. Mchezaji akigusa mpira wowote kwa kitu kingine zaidi ya ncha ya fimbo yake, hata kwa ukosi wa shati, ni faulo.

Basi wiki juzi yaliletwa hapa Same mashindano ya wachezaji wa kulipwa. Walikuja wa Dar, wa Arusha, wa Nairobi, na kila aliyetajwa kuwa atashinda alirudi kwao mapema. Bingwa wa Nairobi alitolewa na Hezroni, kijana wa Hedaru aliyejifunza kupiga mipira akishindana na madereva wa malori. Bingwa wa Dar alitolewa na Mzee Abdulmalik, miaka sitini na mitatu, ambaye ujana wake wote kazi yake ilikuwa kupiga pasi kitambaa cha meza ya snuka kwenye klabu ya shamba la mkonge. Hakuna aliyejua kwamba wenye klabu wakishaondoka alikuwa akifunga mlango na kucheza peke yake.

Ikaja nusu fainali, Jumapili mchana: Hezroni na Mzee Abdulmalik.

Sasa, Hezroni ni mchumba wa Esta. Barua ya posa ilikwisha pandishwa Bombo na mshenga, na majibu yalikuwa yatolewe Jumamosi inayofuata. Kwa desturi yetu, majibu yasipotoka hakuna kutangaza. Kwa hiyo pale ukumbini hakuna aliyejua.

Mwamuzi aliyepangwa siku hiyo akashikwa na tumbo. Waandaaji wakamwita Esta. Alimfuata Hezroni nje, akamkuta anapaka chaki fimbo yake.

— Ngoja nikawaambie wewe ni nani kwangu.

— Ukiwaambia wataagiza mwamuzi Moshi, gemu isogezwe mpaka kesho. Mkono wangu umekaa vizuri leo, Esta. Kwani utanipendelea?

— Siwezi kukupendelea.

— Sasa shida iko wapi?

Esta akavaa glovu. Anasema kosa lake lilianzia hapo, na hamsingizii mtu.

Gemu zilienda sare mpaka ya mwisho. Mezani ikabaki mipira miwili tu ya kuingizwa, wa pinki wenye pointi sita na mweusi wenye saba. Hezroni alikuwa mbele kwa pointi tatu. Akiingiza wa pinki amemaliza, yuko fainali, na bingwa wa mashindano yale alikuwa anapelekwa kucheza Afrika Kusini. Watu wa Hedaru walikuwa wamejaa ukumbini na madirishani. Hezroni akajinyoosha juu ya meza, mkono ukapita juu ya mpira mweusi, na kifungo cha shati kikaugusa. Ulisogea kidogo tu, kama punje ya mchele.

Esta aliona. Akafungua mdomo, sauti isitoke. Ni nusu sekunde tu hiyo. Hezroni akapiga, wa pinki ukaingia, watu wakasimama wakishangilia.

— Faulo, — Esta akasema. — Pointi saba kwa Mzee Abdulmalik.

Watu hawakuelewa kwanza. Walipoelewa, ukumbi ukageuka. Esta akaurudisha mpira wa pinki mahali pake. Mzee Abdulmalik akauingiza bila haraka, na hesabu ikawa imekwisha. Hezroni akampa mzee mkono. Esta alimpita tu.

Mlangoni kijana mmoja akamwekea Hezroni simu mdomoni, anarekodi. Uligusa au hukugusa?

— Mimi sikuhisi kitu, — Hezroni akasema. — Muulizeni mwamuzi alichokiona.

Maneno hayo yalifika kila kundi la WhatsApp kabla Esta hajafika nyumbani. Jioni ile Mzee Abdulmalik alishinda fainali na kombe, lakini watu wakasema ni kombe la kupewa. Vijana wakawa wakimuona Esta stendi wanamuuliza kama miwani ameisahau Bombo. Wengine wakasema wazi kwamba amenunuliwa. Darasani kwake watoto wakinong'ona, akigeuka wananyamaza. Chama kikamtaka arudishe glovu mpaka kikao kikae.

Na hakuwa na la kujitetea. Akisema yule ni mchumba wangu, ningemwonea kwa faida gani, wangemuuliza: kama ni mchumba wako, glovu ulivaa za nini? Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumtoa pale. Esta alikwisha mwandikia Jumapili ile ile usiku.

"Umesema hukuhisi kitu?"

Zikaja tiki mbili za bluu, jibu hakuna.

"Nijibu neno moja tu Hezroni."

Jibu lilikuja Jumatatu mchana: "Watu wana hasira. Tuache kwanza siku zipite."

"Hasira zao ziko juu yangu, si juu yako."

Tiki mbili tena. Basi.

Jumatano baba yake akapiga simu. Alikuwa ameletewa ile sauti na mwimbaji wa kwaya ya usharika.

— Esta, nimeisikiliza mara sita. Huyu si ndiye aliyeleta barua hapa?

— Ndiye, baba.

— Wewe uliona?

— Niliona, baba.

— Njoo nyumbani Ijumaa. Mshenga nimemwambia asipande. Mtu hawezi kumwita mwanangu mwongo mbele ya dunia halafu aje kumwomba kwangu.

Esta akakaa kitandani, viatu miguuni, mpaka nikamgongea nimpe chai. Alikuwa amempenda yule kijana miaka miwili. Jumamosi ndiyo ilikuwa iwe siku yake, na sasa hakuna Jumamosi.

Ijumaa akapanda Bombo. Kesho yake, saa ambayo washenga wangekuwa wanakaribishwa, Hezroni alitokea peke yake kwenye ukungu, viatu vimejaa tope, maana gari lilimshusha mbali. Mzee Fanueli alikuwa uani anafunga gunia la tangawizi. Esta alikuwa jikoni, anaona kupitia mlango.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Mshenga wako yuko wapi?

— Sikuja na mshenga.

— Basi huna la kusema hapa. Posa haisemwi na mwenyewe.

— Sikuja kwa posa, baba. Nimekuja kusema kwamba niligusa.

Mzee Fanueli akaiacha kamba. Ninyi mnatujua sisi Wapare tunavyopenda kesi. Na huyu si mtu wa kesi ndogo, amekaa baraza la kata miaka kumi na moja. Akaagiza viti viwili, chake na cha mshitakiwa, akasema haya, anza mwanzo. Akamuuliza ni mkono upi. Shati la rangi gani. Kifungo cha ngapi. Mpira ulisogea upande gani, na nani alikuwa amesimama wapi. Hezroni akajibu yote, kichwa chini.

— Sawa. Mimi umeniambia. Waliosikia sauti yako wako wangapi?

— Sijui, baba. Ni wengi.

— Kawaambie hao.

Bombo mtandao unapatikana juu ya jiwe moja nyuma ya zizi la ng'ombe. Wakapanda wote wawili. Hezroni akawasha simu, akarekodi: ndugu zangu, inawezekana siku ile niligusa…

— Zima, — mzee akasema. — Inawezekana ya nani? Ulikuwepo au hukuwepo?

Akaanza tena. Safari hii akasema alikosea, anajuta, anaomba radhi, ni mchezaji mchanga, bado anajifunza.

— Zima. Umejitaja wewe tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliyetukanwa ni nani?

Mara ya tatu akasema yote. Kwamba shati lake liligusa mpira mweusi na alihisi. Kwamba mwalimu Esta aliona sawasawa na akasema sawasawa. Kwamba Mzee Abdulmalik alishinda kwa haki. Kwamba alipoulizwa alidanganya, na uongo wake umemuumiza mtu asiye na kosa. Mzee Fanueli alikuwa anaitikia kwa kichwa. Ndipo sauti ikatoka chini ya jiwe.

— Bado.

Esta alikuwa amesimama pale, mikono ina unga.

— Usiseme sina kosa. Sema mimi ni mchumba wako, sema nilivaa glovu nikijua. Hilo ni langu.

— Esta, nikisema hivyo watakusumbua upya.

— Wanisumbue kwa nililofanya. Nimechoka kusumbuliwa kwa nisilofanya.

Baba yake akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwambia Hezroni, rekodi tena, na hilo liwemo. Mara ya nne ikatoka nzima, ikatumwa kwenye makundi yote. Mzee akasema anakwenda kumtafuta ng'ombe wake. Ng'ombe alikuwa pale pale zizini, anawatazama.

Wakabaki wawili.

— Ulihisi saa ngapi? — Esta akauliza.

— Kabla sijapiga.

— Na ukapiga.

— Nikapiga.

— Kwa nini?

Hezroni akakwangua tope kwenye kiatu.

— Nilikutupia jicho nikajua umeona. Nikasema moyoni, ngoja nione kama ananipenda.

— Ukanipima.

— Nilikupima.

— Ukapata jibu gani?

— Siku ile nilipata kwamba hunipendi. Nikawa na hasira, na pale mlangoni nikasema vile. Halafu wiki nzima nikawa najiuliza: angeninyamazia, si ningeoa mtu ambaye akinipenda anadanganya? Ningemwamini vipi huyo?

— Sasa hayo ulishindwaje kuniandikia Jumatatu?

— Niliona aibu, Esta. Watu wa Hedaru walikuwa wananibeba mabegani. Sikujua nishuke vipi.

Esta akakaa chini kwenye jiwe, mbali naye kidogo.

— Kuna nusu sekunde kabla sijasema faulo. Uliiona?

— Niliiona.

— Nilikuwa naumia ndani yake. Nilijua nikisema nitakupoteza, na nilijua lazima niseme. Kama ulikuwa unatafuta mapenzi, yalikuwa mle, Hezroni. Wewe ulitazama kwingine.

Hezroni akafunika uso kwa mikono yake yote miwili. Esta anasema hakumgusa, ila alisogea karibu mpaka mabega yakakutana, wakakaa hivyo.

— Mshenga apande Jumamosi ijayo? — Hezroni akauliza baadaye.

— Ijayo hapana. Nataka wiki mbili za kukukasirikia. Sijapata hata nafasi, nilikuwa na kazi ya kulia.

— Wiki mbili ni nyingi.

— Ukibisha zitakuwa tatu.

— Naweza kukupigia simu?

— Piga. Kupokea sijui.

— Nitapiga.

Kabla hawajashuka, simu ya Hezroni ikalia ujumbe. Akausoma, akampa Esta asome. Ulitoka kwa Mzee Abdulmalik. "Kijana nimekusikia. Kombe nililifunga kabatini, nilikuwa naona haya hata mbele ya wajukuu. Leo bibi yao amelitoa kaliweka sebuleni. Mpe mwalimu salamu zangu. Leo nitalala."

Chama kimemrudishia Esta glovu zake Jumatatu iliyofuata, pamoja na barua ya onyo kwa kutosema kwamba mchezaji ni mchumba wake, na asimwamulie tena. Barua ameibandika ukutani kwake, nimeiona. Anasema ni onyo la haki.

Lakini Jumamosi ile Bombo, gari la kushuka lilikuwa limekwisha ondoka. Mama Esta akapika makande, Hezroni akala sahani mbili, kisha akapelekwa kulala kwa mwinjilisti, maana hakuna posa iliyojibiwa. Huko akavua viatu vyenye tope, akajitupa kitandani, mwinjilisti akamuombea akiwa amekwisha lala.

Kule milimani baridi inawalaza watu mapema. Mama Esta alizima jiko akaingia ndani, na usingizi haukuchelewa. Esta akajifunika blanketi mbili. Upande wa pili wa ukuta alimsikia baba yake anajigeuza.

— Esta.

— Abee, baba.

— Na mpira ukiguswa lakini usisogee?

— Ni faulo, baba.

— Hata kama hakuna aliyeona?

— Hata hivyo. Mchezaji anatakiwa aseme mwenyewe.

Mzee akajigeuza tena.

— Huyu alisema mwenyewe, — akasema. — Alichelewa siku sita.

— Alichelewa, baba.

— Mmh. Mshenga mwambie apande baada ya hizo wiki zako mbili. Na aje na majibu, nina maswali.

Esta hakuuliza alijuaje habari ya wiki mbili, na ng'ombe hawezi kuwa ndiye aliyemwambia. Alicheka kimya kimya kwenye mto. Baba yake akakohoa mara moja, akaanza kukoroma. Esta akavuta blanketi mpaka masikioni, akalala.