Kisu cha Waridi

Saa moja na robo asubuhi, Jumatatu tarehe 14 Julai 1975, Tekla alifungua karakana ya kadi mjini Iringa akakuta kisu cha waridi hakipo. Kilikuwa ukanda mwembamba wa chuma, umekunjwa umbo la ua na kupigiliwa kwenye ubao. Mashine ikikikandamiza juu ya karatasi, waridi hutoka limekatika, tayari kubandikwa kwenye kadi ya harusi. Kufuli la mlango lilikuwa zima. Visu vingine kumi na kimoja vilikuwa kabatini.

Sajenti Mihayo alifika saa tatu akakuta konstebo wake ameshamtia mlinzi rumande.

"Mzee Jailos kafanya nini?"

"Ndiye mlinzi, afande."

Mihayo alishusha pumzi. Baridi ilimkaza magoti, chai alikuwa hajanywa, na kila mtu pale alikuwa na mwizi wake mfukoni.

"Watakuwa wauza vyuma chakavu," alisema konstebo.

"Chuma hicho hakitoshi hata kijiko! Na hivyo kumi na kimoja wameviacha vya nini?"

Konstebo akamsogeza mbele Silvester, fundi wa mashine. "Huyu aligombana na Tekla Jumamosi."

"Jumamosi hiyohiyo jioni nilikwenda Kalenga kwa wakwe," Silvester alifoka. "Nimerudi leo asubuhi. Waulizeni ukoo mzima!"

Mihayo akawatoa nje wote, akabaki na Tekla.

"Mligombania nini?"

Tekla aliinamisha kichwa. "Kisu hulala kabatini, afande, siku zote. Jumamosi skrubu moja kati ya nne zinazokishika mashineni ilikwama kwa kutu, nikakiacha hukohuko. Silvester akanigombeza. Sijamwambia mtu mwingine, naona aibu." Akajifuta macho kwa kanga. "Nilikichora mwenyewe, miezi mitatu. Keshokutwa waamuzi wa maonyesho wanatoka Mbeya kuja kuona kinavyokata."

Saa sita na nusu aliingia msimamizi, Crispin, mkononi ana sanduku. Alisema ameshuka basi la Mbeya sasa hivi. Huko alikwenda tangu Ijumaa kupeleka sampuli za maonyesho.

"Nimesikia habari hapo langoni," alisema. "Yule mzee ana roho gani? Kufungua skrubu nne, moja ina kutu, kwa ajili ya kipande cha ubao!"

Mihayo, aliyekuwa akipangusa miwani, aliacha.

"Skrubu umeambiwa na nani?"

"Na konstebo wako."

"Mimi?" konstebo alishangaa pale mlangoni. "Mimi nilidhani kimetoka kabatini!"

"Kila mtu angedhani hivyo," Mihayo alisema. "Kililala mashineni Jumamosi, mara ya kwanza. Wewe ndugu, uliondoka Ijumaa. Fungua sanduku."

"Afande, nimechoka na safari..."

"Na mimi nimechoka tangu saa tatu. Fungua!"

Kisu kilikuwa chini ya mashati, kimezungushiwa gazeti. Mgongo wa ubao ulikuwa umesuguliwa kwa msasa, lakini herufi zilizochomwa kwa moto hazikufutika zote. Bado zilisomeka tatu: KLA.

Crispin aliketi juu ya boksi la karatasi.

"Niliandikisha waridi kwa jina langu," alisema. "Kule Mbeya ndipo nikasikia kuwa waamuzi watageuza kila ubao kusoma jina la mchoraji. Nikapanda lori Uyole Jumamosi. Jumapili mzee alipokwenda misani, nikaingia kwa ufunguo wangu nikakifungua, kisha nikajificha gesti nifute jina."

"Ukamwacha mzee afungwe."

"Miaka tisa nawasimamia wanaochora. Nilitaka mara moja tu nisifiwe mimi."

"Ungesema nikufundishe," Tekla alisema. "Ningekufundisha, kaka Crispin." Akachukua kisu, akaenda kukifunga mashineni.

Saa tisa alasiri Mihayo mwenyewe alifungua mlango wa rumande.

"Mzee, uko huru. Nenda nyumbani."

Jailos hakuinuka. "Mlinipitisha sokoni na pingu, saa mbili asubuhi, watu wakiniona."

"Samahani sana, mzee wangu."

"Hiyo unanipa humu ndani, tukiwa wawili?"

Mihayo alifumba macho. Aliwaza chai yake. Kisha akavaa kofia, akamwita konstebo aliyefunga pingu zile, na wote watatu wakatoka kwa miguu kuelekea sokoni. Kwenye kila meza ya nyanya Jailos alisimama, akasubiri, na Sajenti wa polisi akasema kwa sauti: "Mzee huyu hana kosa. Kosa ni letu."

Meza zilikuwa ishirini na sita.