Umeme wa Saa Sita

Chumba cha nyuma cha banda la kuziba pancha kilinuka mpira ulioungua. Mjomba aliweka kopo la grisi mezani.

"Nguzo ya kwanza." Akaweka chupa ya soda. "Ya pili. Waya wa shaba wa katikati ni wetu."

Walikuwa watatu tu. Mjomba, mwenye banda. Na watoto wa dada yake: Dereva, mkubwa, mshika usukani wa lori; na Tumbili, mdogo, aliyepanda nguzo kama ngazi ya kwao. Tangu baba yao afariki, neno la mjomba ndilo sheria.

Tumbili aliwahi kuwa kibarua wa shirika la umeme. Miaka minne aliambiwa asubiri, mradi wa kubadili nyaya kuukuu unakuja na ajira zake. Mradi ukaja. Ajira zikaenda kwa watoto wa wenyewe.

"Jumapili wanakata umeme, saa mbili mpaka saa sita mchana," Mjomba alisema. "Tunavaa vizibao vya shirika. Nani atauliza?"

Redioni waziri alikuwa anahubiri sera yake: mitambo ya kisasa itarudisha umeme yenyewe kwa saa iliyotangazwa, bila kungoja mtu.

"Na chai itajipika," Tumbili alisema.

Wakacheka mpaka machozi. Hata Dereva.

Jumapili, saa mbili.

Mama yao alisimama na pasi baridi. Shati jeupe la Tumbili lilikuwa mezani. Kesho angekwenda tena shirikani kuomba kazi.

"Umeme ukirudi nalinyoosha." Akamshika Dereva mkono. "Mnatoka wawili. Nirudishie wawili."

"Tunakwenda kubeba mchanga tu, mama."

Mama hadanganyiki, huchoka tu. Akamwachia mkono.

Saa sita kasoro dakika chache.

Waya wa nguzo mbili ulikuwa tayari ndani ya lori. Tumbili alikuwa juu ya nguzo ya tatu, ambayo haikuwemo kwenye mpango.

"Mjomba, muda!" Tumbili aliita kutoka juu.

"Muda gani?"

"Umeme!"

"Shirika hili? Wakisema saa sita, ni saa sita ya kesho kutwa! Kata, usiniletee uoga wa mama yako."

"Ashuke, Mjomba," Dereva alisema. "Tumepata."

"Lori nusu? Nusu ni hasara."

Dereva alitazama saa. Akaendelea kukunja waya. Tangu azaliwe hajaona umeme ukitimiza ahadi.

Saa sita.

Ulisikika mlio kama turubai linachanwa. Tumbili hakupiga kelele. Alianguka kama gunia.

Kule bondeni nyumba zililipuka kwa shangwe. "Umerudiii!" watoto walipokezana, mtaa kwa mtaa.

"Washa gari!" Mjomba alifoka. "Huyo kaisha. Twende!"

"Mtoto wa dada yako huyu."

"Dada nitamwambia mimi. Washa!"

Dereva alichomoa ufunguo, akautupa vichakani. Mjomba alimtukana tusi la kumhusu mama yake, akasahau kwamba anamtukana dada yake mwenyewe, kisha akatimua mbio, kizibao kikimpepea mgongoni.

Polisi walimkuta Dereva amekaa chini, kichwa cha mdogo wake pajani, anampepea kwa kofia ya shirika.

Nyumbani taa iliwaka saa sita ileile. Mama alitazama saa ya ukutani, akashangaa.

"Kumbe leo wamekumbuka!"

Akalowesha kidole kwa mate, akagusa pasi. Ilikuwa ya moto. Akaanza na kola.