Mguu Uliotangulia

Kila asubuhi Filina aliwapeleka mbuzi kijitoni, kisha akarudi mbio hadi mlangoni kwa bibi yake, Nikareti. Bibi alikuwa bingwa wa mbio enzi za usichana wake. Sasa macho yake yalikuwa yamepofuka, akabaki kusikiliza nyayo.

"Leo umechelewa," alimtania. "Ulikuwa ukipiga soga na mbuzi?"

Ukutani lilining'inia taji lake la majani ya mzeituni, kavu siku nyingi. Bibi alikuwa na hamu moja tu: kulishika jingine, bichi, kabla hajafa.

Siku ya mbio za wasichana, zile za kumheshimu mungu wa kike Hera, ikawadia. Filina alifungua nywele, akakanyaga mfuo uliochongwa kwenye jiwe la kuanzia mbio, kando ya rafiki yake Melito. Alimwaza bibi, na kabla tarumbeta haijalia, mguu ukamchomoka. Waamuzi, kina mama wa mji wa Elisi, hawakuona. Filina akashinda, Melito akimfuata unyounyo.

Alivikwa taji, akapewa fungu la nyama ya ng'ombe wa sadaka, akasindikizwa nyumbani kwa nderemo. Bibi alilipapasa lile taji, machozi yakamtoka.

"Haya, nisimulie. Desturi yetu mabingwa ni kuanzia jiweni."

"Nilikimbia, Bibi, nikamwacha Melito..."

"Aa, usiruke. Pale jiweni ilikuwaje?"

Angedanganya, bibi angelala na furaha yake. Lakini mkono ule uliokunjamana ulikuwa umemshika, akashindwa.

"Nilitoka kabla ya tarumbeta, Bibi. Nilitaka sana ulishike." Akalia kwa kwikwi.

Bibi akapapasa kutafuta fimbo yake. "Niongoze kwa waamuzi."

Walikwenda polepole, mkono kwa mkono. Waamuzi walimkaripia Filina, wakamfutia ushindi, na taji pamoja na fungu la nyama wakampa Melito.

Jioni Melito alibisha hodi, nyama mkononi. "Wewe mwenye haraka, njoo tule," alisema. Kisha akapiga magoti mbele ya Nikareti. "Na hili taji, Bibi, nimekuletea ulishike."

Bibi alilishika, akalinusa, akatabasamu. Akamvuta Filina karibu.

"Hili nalo litakauka kama langu, mjukuu wangu. Njia ya mwongo ni fupi, hata awe na mbio kama zako. Leo umeniongoza vizuri, nami nimeridhika. Kesho tutaanza upya, pale pale jiweni."