Dole Gumba la Ruwa

Alfajiri moja ya mwaka 1987, huko Bofu, Likoni, Mwanatabu alifunua sinia la unga wa mahamri alioukanda jana yake, akakuta katikati ya donge la kwanza alama ya dole gumba. Hakushtuka. Nyumba yenye mtoto wa miaka saba haikosi vidole vya udadisi. Alimwita bintiye Dhahabu, akamwambia kwa upole kuwa unga hauchezewi. Mtoto akasema hakuugusa. Ndipo mama akakishika kidole cha mtoto na kukilaza juu ya ile alama, na kikapwaya ndani yake kama kiatu cha baba mguuni mwa mwana. Tena alama ile ilikuwa na mistari, na ndani ya mistari mlikuwa na wino wa buluu.

Alilikata donge lile akawatupia kuku. Kuku walilizunguka, hawakulidonoa.

Mumewe, Matano, alipoambiwa alikunywa chai kwanza, kisha akasema ni yeye, alipita jikoni kutafuta maji, na wino ni wa kazini. Matano alikuwa karani katika kiwanda cha kamba za katani kule Changamwe. Kazi yake ilikuwa kuandika vibarua, na kwa kuwa wengi wao hawakusoma, kila asubuhi walibonyeza dole gumba la kulia kwenye kibati chake cha wino, kisha kwenye daftari. Jibu hilo lilimtosha Mwanatabu. Halikumtosha Matano mwenyewe, kwa sababu usiku ule hakuwa amepita jikoni.

Wiki tatu nyuma, mashine ya kuchana katani ilikuwa imemkata mkono kibarua mmoja jina lake Ruwa Charo. Ulikuwa mkono wa kulia, na ulikatika hapo kwenye kiwiko. Kinga ya chuma iliyopaswa kufunika meno ya mashine ilikuwa imeondolewa kwa amri ya meneja, ili kazi iende mbio. Sheria inasema mfanyakazi akiumia kazini alipwe fidia, na afisa wa leba, ile ofisi ya serikali ya mambo ya wafanyakazi, angekuja kuuliza kinga iko wapi. Basi Ruwa alipochukuliwa kwenda hospitali akiwa hajitambui, meneja alimwita Matano ofisini na kumpa karatasi iliyokwisha kupigwa taipu. Karatasi ilisema kwamba Ruwa aliachishwa kazi siku iliyotangulia, kwamba alipewa haki zake zote, na kwamba hana dai lolote juu ya kiwanda. Ilipungukiwa na kitu kimoja tu, dole la mwenyewe. Meneja alimwambia Matano kuwa mwenyewe hayupo lakini dole lipo, na kwamba karani asiyejua kumaliza kazi atatafutiwa mwenziwe.

Mkono ulikuwa bado chini ya mashine, umefunikwa gunia. Matano aliushika. Ulikuwa na joto. Akalibonyeza lile dole kwenye wino, kisha kwenye karatasi, na likatoka vizuri, mstari kwa mstari.

Kwao Matano, kiungo kilichokatika hufungwa kitambaa safi na kuzikwa, na anayekizika hutaja jina la mwenyewe, ili kiungo kijue kinamngoja nani. Matano alilijua jambo hilo tangu utotoni. Lakini jioni ile, alipouchukua ule mkono hadi kwenye mikoko nyuma ya kiwanda, saa ya magharibi, saa ambayo watoto huitwa ndani, aliona haya kulitaja jina la mtu aliyekwisha kumdhulumu. Aliona haya hata kusema bismillahi. Akaufukia topeni kimya kimya kama mwizi, akaosha mikono, akaenda kupanda feri.

Ruwa alipotoka hospitali alikwenda ofisi ya leba na mkewe. Afisa alilinganisha dole la kwenye karatasi na madole ya kwenye daftari, ambalo meneja alikuwa amelichana ukurasa wa siku ya ajali, yakawa ni mamoja. Akamwambia Ruwa hawezi kumsaidia. Ruwa akaomba basi angalau apewe mkono wake akauzike kwao. Akajibiwa kuwa hospitali waliuchoma moto.

Hayo Mwanatabu hakuyajua. Alichojua ni kwamba baada ya ile alama ya kwenye unga zilifuata nyingine. Moja ilikuwa kwenye ukosi wa shati jeupe la Matano, shati alilolipiga pasi yeye mwenyewe na kulitundika. Mbili zilikuwa kwenye pazia la chumbani. Alifua kwa sabuni, akafua kwa ndimu, zikabaki. Kisha ikaja harufu, kwanza ya katani iliyolowa, halafu ya tope la mikoko maji yakishakupwa, na chini ya harufu hizo mbili ilikuwapo ya tatu, ya wino. Na kila magharibi, adhana ikishamalizika, kulisikika kitu kikipapasa ukuta wa nje, polepole, kama kipofu anayetafuta mlango wa nyumba aliyosimuliwa tu.

Siku ya tisa hakikuwa nje tena. Mwanatabu alikuwa amekaa kibarazani akichambua mchele, Dhahabu yuko chumbani peke yake, na Mwanatabu akasikia mtoto anacheka kicheko cha mtu anayetekenywa, akainuka akaenda bila kuvaa viatu, akasukuma pazia, akamwona mwanawe ameketi chini na mgongo ameupa ukuta, na nywele zake, ambazo asubuhi zilikuwa zimesukwa mistari sita, zilikuwa zimefumuliwa zote, na shungi moja lilikuwa limeinuliwa hewani, limenyooka, linashuka kidogo kidogo na kuinuliwa tena, kama nywele za mtoto anayechanwa na mtu mwenye subira sana.

"Nani anakuchana, mwanangu?" Mwanatabu aliuliza.

"Simjui jina. Nilimwambia anisuke, kasema hawezi."

"Kwa nini hawezi?"

"Ana mkono mmoja," mtoto akasema.

Jioni ile Mwanatabu alimleta Bi Mwanasaumu, mganga wa upande wa pili wa Bofu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye maumivu ya magoti, na njia nzima alilalamika kuwa watu wa siku hizi humwita wakati moto umeshafika paani. Alipofika mlangoni alinyamaza. Alinusa mara moja. Mwanatabu alikuwa ametayarisha chetezo na ubani, lakini Bi Mwanasaumu alikisukuma kando kwa mguu, akamtazama Matano.

"Umezika nini, baba?"

Matano alisema hajui maana ya maneno hayo. Bi Mwanasaumu hakubishana. Alikaa kwenye mkeka akanyoosha miguu, akasema yeye anangoja, na kwamba ukutani kuna mwingine anayengoja pia. Ukuta ulipapaswa, safari hii kwa ndani, usawa wa kichwa cha Matano. Ndipo aliposema yote, tangu kinga ya mashine hadi tope la mikoko, na mkewe alikaa akisikiliza bila kumtazama hata mara moja.

Bi Mwanasaumu akawaeleza kama mtu anavyomweleza mtoto hesabu. Jini wa mikoko hana mwili, anakaa mahali pake, hana haja na mtu. Ukimtupia mkono usio na jina, umempa mkono. Na mkono ule umejaa dhuluma, kwa hiyo yeye naye sasa ana dhuluma, na anajua aliyemletea anakaa wapi.

"Jini aliyekuja mwenyewe namtoa," alisema. "Huyu ameletwa. Mkono una mwenyewe, na ni mwenyewe tu wa kuuita ukamwitikia. Nenda kamwangukie."

Kesho yake Matano hakwenda kazini. Alivuka feri, akavuka kisiwa, akaenda hadi Ziwa la Ng'ombe, akapiga hodi katika chumba cha kupanga cha Ruwa. Kanze, mke wa Ruwa, alikuwa mlangoni akifunga mafungu ya mchicha.

"Karibu, karani," alisema. "Leo umekuja bila karatasi?"

Matano alivua viatu, akaingia. Ruwa alikuwa ndani juu ya kitanda cha kamba, mkono wa kulia wa shati lake umekunjwa na kubanwa kwa pini. Matano alipiga magoti akaanza kueleza, akatubu, akalia. Ruwa alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimtisha Matano kuliko matusi.

"Madaktari waliniambia nitauhisi," Ruwa alisema. "Walisema watu wengi hivyo, kiungo kimeondoka lakini akili haijui. Nikadhani ni hivyo. Nikilala nahisi ukuta. Una chokaa inayobanduka upande wa dirisha. Nahisi pazia, kitambaa kizito, kina maua ya kutarizi. Juzi nilihisi nywele za mtoto. Nywele laini. Nikamwuliza mke wangu, hivi hizi nywele za nani?"

Matano alishika sakafu kwa mikono miwili.

"Sasa nimejua," Ruwa alisema. "Nyumba yako ni nzuri."

Matano akamwomba auite urudi. Ruwa akatazama mlangoni, kwa mkewe, na Kanze akasema, bila kuinua macho kwenye mchicha wake, kuwa kwanza leba. Mwanamume akaseme kule alikoandika. Mkono utafuata. Ruwa akatikisa kichwa kukubali, akaahidi kuwa kwa wakati huo ataubembeleza usimdhuru mtoto.

Matano akaenda leba. Alimweleza afisa kila kitu na maelezo yakaandikwa. Meneja alimfukuza kazi siku hiyohiyo, na polisi walimwita mara mbili. Mwanatabu akawa anauza mahamri mlangoni. Lakini kesi ya Ruwa ilifunguliwa upya, daktari akampima na kuandika ulemavu wake ni sehemu ngapi kati ya mia, wakaguzi wakaikuta mashine bado haina kinga, na kiwanda kikaamriwa kulipa. Miezi minne ilipita hivyo. Ndani ya miezi hiyo ukuta ulipapaswa magharibi tu, kidogo, na Dhahabu akalala kwa babu yake. Matano alizihesabu siku kama mtu aliyefungwa.

Siku ya malipo alimsindikiza Ruwa mwenyewe. Afisa alikuwa na watu wengi, akampa Matano karatasi amsomee mwenzake. Matano alisoma kwa sauti, polepole, kila neno. Ruwa akatia dole la kushoto, akakabidhiwa hundi yake, akaitia mfukoni bila kuiangalia.

Kutoka hapo walikwenda moja kwa moja Changamwe, kwenye mikoko nyuma ya kiwanda, ambako Bi Mwanasaumu alikuwa akiwangoja na kitambaa cheupe cha kuufungia mkono. Maji yalikuwa yamekupwa. Matano alionyesha mahali. Bi Mwanasaumu akamwambia Ruwa ajitaje jina lake na la baba yake, kisha auite.

Ruwa alijitaja, akaita. Kaa wadogo waliingia mashimoni, wakatoka tena. Akaita mara ya pili, na ya tatu, kwa sauti ileile ya upole. Tope lilitulia kimya, na kimya kile kikawa kirefu, kikazidi kuwa kirefu mpaka Matano akasikia, au akadhani amesikia, kitu kinachotembea juu ya tope bila miguu, kinajivuta, kinatua, kinajivuta, na hakikuwa kinaelekea alikosimama Ruwa.

"Mbona hauji?" alinong'ona.

Ruwa aligusa pini ya shati lake. Akasema pale leba, alipoinua dole la kushoto kwenye karatasi, alihisi kitu kimeachia, kama kamba iliyokatwa upande wa pili. Tangu hapo hauhisi tena. Si ukuta, si pazia, si kitu.

"Mkono huo si wangu tena, karani. Umelipiwa."

"Ruwa, ndugu yangu, ni maneno ya karatasi tu."

"Ulinisomea mwenyewe. Amepokea fidia kamili ya mkono wa kulia, na hana dai lolote juu yake tena." Aliyarudia bila kukosea neno. "Kusoma sijui. Kusikia nasikia."

Bi Mwanasaumu alikikunja kitambaa chake mara mbili, akakitia kwapani. Alimwuliza Ruwa kama alilijua hilo tangu mwanzo. Ruwa alisema yeye ni kibarua, hajui mambo ya majini. Kisha akawaaga, akapanda njia ya juu kuelekea stendi, na hakutazama nyuma.

Matano alirudi Likoni peke yake. Kwenye feri watu walikuwa wengi, wamesongamana na mikokoteni ya nazi, na hakuna aliyemwangalia mtu mzima aliyesimama ameuning'iniza mkono wake mmoja mbali kidogo na mwili. Vidole baridi vilikuwa vimepita katikati ya vidole vyake na kufumbata. Havikumbana. Vilimshika vile mtu anavyomshika mwenziwe wanapokwenda pamoja nyumbani. Alijaribu kusoma dua, na kila alipofika kwenye jina la Mungu ulimi ulimkauka, kama jioni ile ya kwanza.

Alifika adhana inamalizika. Mwanatabu alikuwa ameambiwa kuwa leo ndiyo mwisho, kwa hiyo alikuwa amemrudisha mtoto nyumbani, amepika wali, amewasha taa. Alifungua mlango akitabasamu, akamwona mumewe yuko peke yake kizingitini, na akasogea kando kumpisha.

Dhahabu alichungulia nyuma ya leso ya mamake.

"Mama," aliuliza, "mbona baba amekuja naye?"

Mwanatabu aliutazama mkono wa mumewe, vidole vyake vilivyotawanyika kushika kisichokuwapo. Akamtazama usoni. Kisha akaufunga mlango, taratibu, na Matano, bado yuko nje, akasikia komeo likipita.